MALIMBUKO YA MTAMA: DESTURI ZA WAZEE WETU KATIKA KUANZA MAVUNO

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa Jubilei, Isaka

 

Nimeagizwa niseme habari za desturi walizozishika wazee wetu, walipokuwa bado wapagani, katika kuanza mavuno ya nafaka. Nilipoletewa agizo hili nalinyamaza siku mbili kabla ya kuitika. Sababu ya kwanza ni kwamba waliozijua desturi hizo kwa kuzitenda wamekwisha kulala makaburini, nasi tuliobaki tulizitazama kwa macho ya kitoto. Sababu ya pili yanihusu mimi mwenyewe, nami nitaieleza mahali pake. Lakini kazi ya Jubilei si kuimba tu. Ni kukumbuka, na tena kutengeneza yaliyoharibika. Basi naliitika.

Na kwanza tukumbuke ya kuwa neno hili Jubilei ni neno la shamba. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliagizwa wahesabu miaka 7 mara 7, kisha mwaka wa 50 wautakase: wasipande mbegu, wasivune yaliyojiotea, na mtu aliyeuza shamba lake kwa ajili ya shida arudi kulimiliki. Kwa hiyo mtu aliye mkulima hana haja ya kuona haya akisema habari za jembe na ghala katika siku kama hii. Tangu Mapadri Weupe walipofika Bukumbi mwaka 1883, na Ushirombo mwaka 1891, hata jimbo letu la Kahama lilipoundwa mwaka 1983, waliojenga makanisa haya, wakachoma matofali yake, wakawalisha wageni wake, ni watu wa jembe.

Sasa niwaeleze nchi ilivyokuwa. Ninyi vijana mmezaliwa mkiona mahindi kila upande, na mpunga katika majaluba. Zamani haikuwa hivyo. Chakula cha watu wa huku, Wasukuma na Wanyamwezi pia, kilikuwa mtama, ambao kwa Kisukuma huitwa busiga, na pamoja nao uwele. Mvua zilianza mwezi wa Novemba, zikakoma Aprili au karibu yake. Kuanzia Januari vihenge vilikuwa vimepungua sana, na nyumba nyingi zilikula mara moja kwa siku, zikijisaidia kwa michembe na matobolwa na mboga za porini. Ndipo mtama ulipotoa masuke, na pamoja na masuke wakaja ndege waitwao kweleakwelea, makundi kama wingu. Sisi watoto tulipandishwa juu ya madungu tangu alfajiri, tukapiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo hata sauti zikakauka. Njaa ilikuwa tumboni, na chakula kilikuwa mbele ya macho yetu, kikitikisika kwa upepo. Walakini hakuna aliyethubutu kuvunja suke na kulila.

Hapa ndipo ilipo desturi ya kwanza, nayo ni shina la zote: nafaka mpya haikuliwa kabla haijalimbuliwa. Mtu aliyekula kwanza kwa siri alihesabiwa kuwa ameiba, ingawa shamba ni lake mwenyewe. Aliiba kwa nani? Wazee walijibu: aliiba kwa wale waliotangulia kulifyeka shamba lile, na kwa yule aliyeleta mvua.

Katika tawala nyingi za Usukuma na Unyamwezi jambo hili lilianzia kwa mtemi. Wengine husema jina mtemi latokana na kutema msitu, yaani kufyeka. Wengine husema ni kukata maneno, yaani kuamua. Vyovyote vilivyo, mtemi hakuwa mtu wa kodi na hukumu tu. Afya ya mwili wake na mvua ya nchi vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Mvua ikikosekana, lawama ilimrudia yeye, na wako watemi walioondolewa katika kiti kwa sababu ya ukame. Basi ilionekana ni haki kwamba nafaka mpya ionjwe naye kwanza kwa taratibu zake, ndipo watu wapate ruhusa. Wala jambo hili si la kwetu peke yetu: kule Uswazi, kusini mwa Afrika, mfalme hulimbua mazao mapya katika sikukuu kubwa iitwayo Incwala, ambayo hata leo haijakoma.

Tena mtemi alipokea sehemu ya nafaka ya watu wake. Msifikiri ya kuwa yote iliishia tumboni mwake na mwa wake zake. Ghala ya mtemi ilikuwa akiba ya nchi: mgeni alikula humo, mjane alikula humo, na mwaka wa njaa wenye shida walipeleka vikapu vyao huko. Alikuwapo mtemi mchoyo, bila shaka, kama walivyo wachoyo katika kila cheo. Lakini mtemi mchoyo alijulikana kwa jina hilo, na watu walihama nchi yake wakaenda kwa mwingine.

Baada ya mtemi ilifuata zamu ya kila kaya, na habari hii naisema kama nilivyoiona nyumbani kwetu. Bibi yangu, mama wa baba yangu, alikwenda shambani asubuhi na mapema, akakata masuke machache yaliyokauka vema, akayaweka katika ungo. Aliyapura kwa mkono, akapepeta, akasaga juu ya jiwe. Unga ule wa kwanza haukupikwa wote. Sehemu yake ilichanganywa na maji katika chungu kidogo, ikawa nyeupe kama maziwa, kwa maana kwa wazee weupe ulikuwa dalili ya baraka. Uani palikuwa na kibanda kidogo cha nyasi, kisichofika kiunoni mwa mtu mzima, ambacho ni cha wazee waliokufa. Hapo alimwaga unga na maji, akataja majina. Kisha ulipikwa uji, akaonja aliye mkubwa kuliko wote, akafuata aliyemfuata, hata ukafika kwa mtoto wa mwisho. Bakuli moja lilipelekwa kwa jirani kabla wenye nyumba hawajashiba.

Baada ya kulimbua, mavuno yenyewe yalianza. Uwanja ulisafishwa, ukasiribwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe, ukaachwa kukauka hata ukawa mgumu kama sakafu. Masuke yalirundikwa katikati. Hakuna aliyepura mtama wake peke yake. Majirani walikuja na fimbo zao, wakajipanga safu mbili zikielekeana, safu hii ikipiga huku ile ikiinua, na wimbo ukishika kipimo cha fimbo, hata mtu mvivu hakuweza kuchelewa bila kuonekana. Wanawake walipepeta upande unakokwenda upepo. Kazi hizo za shirika ziliongozwa na nsumba ntale, mkubwa wa vijana, aliyechaguliwa na vijana wenyewe, wala si na mtemi. Leo walipura kwa huyu, kesho kwa yule. Na ujira ulikuwa pombe ya mtama na chakula. Hata mjane asiye na mtoto mtama wake ulipurwa, kwa kuwa safu ilipita nyumba kwa nyumba.

Nafaka ilipokwisha kuingia vihengeni, ngoma zilianza. Tangu karne ya 19 wachezaji wa Usukuma wamegawanyika makundi mawili yashindanayo, Bagalu na Bagika, wakiwafuata mafundi wawili wa zamani, Gumha na Ngika. Wakati wao ni huu wa baada ya mavuno, mwezi wa Juni hata Agosti, mtu anapokuwa na chakula ndani na jembe limetundikwa. Kundi lililowavuta watazamaji wengi ndilo lililoshinda. Na katika bugobogobo jembe lile lile la kulimia liliinuliwa na kurushwa juu kwa ngoma, kana kwamba nalo limealikwa karamuni.

Ndugu zangu, nimezisifu desturi hizi, na sasa yanipasa niseme na ubaya wake, maana asemaye nusu ya kweli amesema uongo. Katika mavuno ya wapagani ilikuwamo hofu nyingi. Mtu aliyevuna zaidi ya jirani zake hakufurahi kwa amani: alinong'onezwa ya kuwa amevuta nafaka za wenziwe kwa uchawi. Na aliyevuna kidogo alimtafuta mchawi, akamwona mara nyingi katika kizee mjane aliyeishi peke yake, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko la miaka 60. Mnajua mwisho wa mashaka hayo. Vizee wengi wamekatwa kwa mapanga katika nchi hii yetu ya Usukuma, wala hawakuuawa zamani za kale tu. Wameuawa na katika siku zetu, na mikono ya watu waliobatizwa. Tena nafaka nyingi iligeuzwa kimea, ikanywewa mwezi wa Julai, na watoto wakalia njaa Januari. Na wachezaji wa ngoma walitafuta dawa za kuwavuta watu, wakaogopana na kurogana. Hayo Injili haikuweza kuyaacha yalivyo, wala haipaswi kuyaacha leo.

Basi walimu wetu wa kwanza wa dini walikuwa na sababu ya kuwa wakali. Lakini ukali wa kung'oa magugu wahitaji macho, ama sivyo hung'oa na mtama. Na sasa nimefika mahali niliposema nitaeleza sababu yangu ya pili.

Ilikuwa yapata mwaka 1956, nami nalikuwa mtoto wa miaka 9. Bibi yangu huyo niliyemtaja alikuwa akijifunza dini. Mnajua ya kuwa kwa sheria ya Mapadri Weupe mafundisho yalikuwa ya miaka minne kabla ya ubatizo, na mwanafunzi alipewa medali aivae shingoni. Bibi alikuwa katika mwaka wa tatu. Alitembea mwendo wa saa mbili kwenda mafundishoni, na saa mbili kurudi, wala hakukosa siku. Mwaka ule mtama ulipoiva alifanya kama alivyofanya miaka yote. Jioni, alipodhani hakuna anayemwona, alichukua chungu chake kidogo akamwaga unga na maji pale kibandani. Nalikuwa nimejificha nyuma ya kihenge. Nilimsikia akimtaja babu yangu, kisha akataja watoto wake wawili waliokufa wangali wachanga. Halafu akainua uso, akamtaja Liwelelo, yaani Mungu wa ulimwengu kama walivyomwita wazee, akasema neno moja tu: Wabeja. Ninyi mnalijua, ni asante.

Siku ya pili mwalimu mmoja wa dini, ambaye jina lake nalisitiri, alituuliza sisi watoto kama yuko nyumbani kwetu atendaye bado mambo ya kipagani. Nikainua mkono. Nalijiona kuwa mtu mkubwa sana. Kesho yake yule mwalimu alifika kwetu, majirani wakiwa wamekusanyika kwa kupura. Akakichukua kile chungu, akakipiga chini mbele ya watu wote. Kisha akamwendea bibi yangu, mama mtu mzima mwenye wajukuu, akaikata kamba ya medali shingoni mwake.

Bibi hakujibu neno. Aliokota vigae vyote kimoja kimoja, akavitia katika ungo, akaingia ndani. Mafundishoni hakurudi tena. Sikusikia hata siku moja akimlaumu yule mwalimu, wala mimi; nami sijui kama alijua ni nani aliyesema. Mwaka uliofuata mtama ulipoiva alipika uji wa malimbuko kama kawaida. Lakini hakumwaga kitu, hakutaja jina la mtu, wala hakungoja mkubwa aanze. Alinipa bakuli mkononi, akasema, “Kula tu.” Alikufa miaka michache baadaye, bila ubatizo.

Sikuyasema haya ili mumchukie yule mwalimu. Alikuwa mtu mwenye bidii, aliyekwenda kwa miguu mchana wa jua kali, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa mchungaji wa ng'ombe. Alidhani anamtumikia Mungu. Na ulimi uliompeleka kwetu ulikuwa ulimi wangu. Nimeyasema ili mlifahamu lile neno la bibi yangu, “Kula tu”. Tulimwondolea njia yake ya kushukuru, ambayo ilikuwa na kosa ndani yake, nasi hatukumpa nyingine. Mtu asiyeshukuru vibaya wala vizuri, amebakiwa na nini? Amebakiwa na kula tu.

Je, Kanisa halikuwa na njia nyingine ya kumpa? Ilikuwapo, tena ya zamani sana. Fungueni Walawi, sura ya 23. Waisraeli walikatazwa kula mkate, au bisi, au masuke mabichi ya mavuno mapya, mpaka siku walipokuwa wamempelekea kuhani mganda wa kwanza autikise mbele za Bwana. Naliposoma maneno hayo mara ya kwanza, nikiwa kijana shuleni, nalikifunga kitabu. Ilikuwa ndiyo sheria ya bibi yangu, yeye asiyejua kusoma. Hata Pentekoste, ambayo sisi twaiadhimisha kwa ajili ya Roho Mtakatifu, kwa Wayahudi ilikuwa sikukuu ya mavuno ya ngano, siku 50 baada ya mganda ule. Na Mtume Paulo, alipotafuta jina la kumwita Kristo aliyefufuka, alilichukua katika neno hili hili la malimbuko, akamwita limbuko la hao waliolala.

Tena tuwatazame Wazungu wenyewe, ambao mababu zao nao walikuwa wapagani wa jembe. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Abate Mellitus, aliyekuwa safarini kwenda Uingereza, ampelekee Augustino shauri hili: mahekalu ya wapagani yasibomolewe, ila sanamu zilizomo ziharibiwe; nyumba zenyewe zinyunyiziwe maji ya baraka; na kwa kuwa watu wale walizoea kuwachinjia mashetani ng'ombe wengi, wapewe sikukuu badala yake, wachinje na kula huku wakimshukuru Mungu atoaye vyote. Waingereza hao walikuja kupeleka kanisani mkate wa ngano mpya siku ya 1 Agosti, na jina la kale la siku hiyo katika lugha yao, Lammas, latokana na maneno yaliyo na maana ya Misa ya mkate. Desturi yao ilitakaswa, haikupondwa.

Na hapa kwetu pia wamekuwapo wenye macho. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement, Padri Mweupe aliyetoka Kanada, alijenga kanisa kwa mfano wa nyumba ya mtemi, na alama za utemi zikawekwa ndani kwa heshima ya Kristo aliye Mtemi wa wote. Tangu katikati ya karne ya 20 sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo huko imekuwa sikukuu ya Bulabo, yaani maua, mwezi wa Juni, ambapo Bagalu na Bagika huja kucheza baada ya maandamano ya Ekaristi. Angalieni wakati wake: ni mwezi ule ule wa baada ya mavuno. Ngoma haikuhamishwa mahali pake katika mwaka. Ila aliyekaa katikati yake amebadilika.

Sasa nawauliza, wasikilizaji wangu: hali yetu leo ni ipi? Utemi uliondolewa na serikali mwaka 1963, na ghala ya mtemi ikaondoka nayo. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, na vibanda vya wazee vikabaki katika mahame. Mtama ulipungua, kwa sababu watoto wamekwenda shuleni, jambo ambalo ni jema, wala hakuna wa kukaa dunguni kufukuza kweleakwelea. Na mahindi yamevaa maganda yao, ndege hawayawezi kwa urahisi. Mashine za kupukuchua zimekuja, na zile safu mbili za fimbo zimenyamaza. Sisikitiki kwa hayo yote. Mashine hufanya kwa saa moja kazi ya siku tatu, na mgongo wa mwanamke unapumzika.

Walakini liko jambo linalonisikitisha. Hapa Isaka tumekaa njiani. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipita hapa. Kisha ikaja bandari ya nchi kavu, na malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Upande huu wako vijana wetu walioacha jembe wakaenda kutafuta dhahabu, Kakola na Geita, wakishuka katika maduara ambayo wengine hawakutoka. Siwalaumu, dhahabu haingoji mvua. Lakini nyumba imebaki na mama na watoto, na mwezi wa Januari, njaa iingiapo, huja mtu mwenye fedha. Anamwambia mama yule: Nitakupa fedha leo, nawe utanipa magunia wakati wa mavuno. Anapewa fedha ya gunia moja kwa ahadi ya magunia mawili au matatu. Mei ikifika, mwenye fedha anangoja ukingoni mwa shamba na gunia la lumbesa, lililoongezwa kilemba juu. Nafaka yatoka shambani hata kihenge haijakiona. Na Januari nyingine, mama yule yule arudi kwa mtu yule yule.

Nani basi amelimbua mavuno hayo? Si mtemi, si mzee wa kaya, si wazee waliokufa, wala si Mwenyezi Mungu. Amelimbua mdai. Na wako wadai ambao Jumapili huketi nasi katika benchi moja. Zamani mtu alikatazwa kula kabla ya shukrani kwa hofu ya mizimu. Hofu ile tumeifukuza, nami nashukuru. Lakini katazo lenyewe lilikuwa jema, nalo limeondoka pamoja na hofu. Hii ndiyo habari niliyotaka kuileta katika Jubilei yetu.

Nisiishie katika kulia. Naomba ruhusa yako, Baba Askofu, niweke mbele ya mkutano mambo manne, nayo ni madogo, kila jumuiya yaweza kuyatenda bila kungoja msaada wa ng'ambo.

La kwanza: malimbuko yarudi. Katika kila kigango itangazwe Jumapili moja, mwezi wa Mei au Juni kadiri ya mahali, na kabla ya siku hiyo mtu asiuze gunia hata moja. Kila nyumba ilete nafaka mpya, iwe ungo mmoja au kibaba kimoja, ibarikiwe altareni. Kilicholetwa kisiende sokoni. Kiwe ghala ya jumuiya kwa ajili ya miezi ya Januari na Februari, wakopeshwe wenye njaa debe kwa debe, bila nyongeza. Kama debe lile litamzuia mama mmoja tu asiiuze nafaka yake ingali mbichi, kazi imefanyika.

La pili: siku hiyo majina ya wafu wetu yasomwe. Bibi yangu hakukosa alipowakumbuka watoto wake wachanga mbele ya chakula kipya. Alikosa kwa kuwaomba wale ambao yampasa mtu kuwaombea. Kanisa lina Misa kwa ajili ya wafu mwaka mzima. Wazee waliofyeka mashamba tunayolima watajwe humo.

La tatu: zile safu mbili zirudi, hata bila fimbo. Vijana wachague nsumba ntale wao kama zamani, na kabla hawajavuna mashamba yao wavune kwanza shamba la mjane na la mgonjwa.

Na la nne, ambalo ni zito kuliko yote: kizee aliye peke yake apelekewe bakuli la kwanza. Akipelekewa chakula kipya na watu wanaoonekana mchana, majirani wataona haya kumnong'ona usiku. Nyumba iliyokula uji wake haiwezi kwa wepesi kumwita mchawi.

Mtaniuliza: Je, si kuurudisha upagani kwa mlango wa nyuma? Nawajibu: mlango wa nyuma umekwisha kuwa wazi siku nyingi. Wako Wakristo wanaokwenda kwa waganga usiku kabla ya kuvuna, kwa sababu kanisani hawakusikia neno lolote juu ya shamba lao. Afadhali tuufungue mlango wa mbele, mchana, na msalaba ukitangulia.

Nami mwenyewe, tangu nilipopata shamba langu, kila mwaka hupanda mistari michache ya mtama kando ya mahindi. Kweleakwelea hula mwingi wake, na wajukuu wangu hunicheka. Hupata ungo mmoja, pengine nusu. Mke wangu husaga unga wa kwanza, tukapeleka kanisani sehemu, na sehemu nyingine tukapika uji. Kabla ya kuonja, nawataja babu na watoto wake wawili wachanga. Na jina la bibi yangu nalitaja mwisho, nikimwombea yeye na kujiombea mimi. Kisha twasema sote, wakubwa kwa watoto, neno lile nililolisikia nyuma ya kihenge.